Vilio vya Watu Wengine

Juzi nilikwenda Kasapa kumpa pole mwenzangu wa kazini aliyefiwa na kaka yake. Kabla sijaona watu, harufu ilinipokea njiani: turubai lililopigwa na jua mchana kutwa, moshi wa kuni mbichi, maharagwe yanayochemka kwenye sufuria kubwa la kuazima. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki kati ya wanawake wengine, nikainamisha kichwa kama inavyotakiwa, lakini aliyenijia akilini hakuwa marehemu. Alikuwa Papa. Wenzangu wa rika langu wakisimulia utoto wao wa Lubumbashi hutaja mchezo wa kuruka kamba, mikate ya moto ya asubuhi, vumbi jekundu kwenye soksi za shule. Mimi upo msimu mzima wa utoto wangu ambao naukumbuka kwa harufu ya vilio, na karibu vyote vilikuwa vya watu tusiowajua.

Kilio kwetu ni msiba wenyewe: nyumba iliyofiwa, turubai uani, ndugu wanaolala chini mpaka mazishi yapite. Mtoto hana kazi huko, huachwa kwa jirani. Mimi nilipelekwa.

Tulikuwa tunakaa Katuba, Papa, mama yangu, dada yangu mkubwa Sidoni na mimi. Papa aliuza kwenye duka la vifaa vya ujenzi la Mgiriki mmoja pale mjini, na mikono yake ilinuka rangi hata siku za sikukuu. Alikuwa mtu wa maneno machache. Ukimuuliza swali, alilifikiria kwanza, na mara nyingine ulikuwa umekwishaondoka kabla hajajibu. Ndugu wa upande wa mama walikuwa wengi mno. Ni watu wa huku huku, waliokuwapo kabla ya mgodi na kabla ya reli, na kila Jumapili uani petu palijaa wajomba, mama wadogo na watoto wao. Upande wa Papa hakuja mtu. Sikuona ajabu yoyote. Nilidhani baadhi ya watu huzaliwa na ndugu na wengine hawazaliwi nao, kama vile wengine wana nywele nyingi.

Msimu ule ulianza siku familia ya mchumba wa Sidoni ilipokuja kujitambulisha. Wajomba zangu walijaza sebule, wengine wakakaa kwenye ngazi. Wageni walizungumza vizuri, wakasifu nyumba, wakanywa soda zao. Kisha baba mkubwa wa yule kijana, mzee mpole aliyekaa na kofia yake magotini, akauliza:

“Na upande ya papa ya bibi-arusi iko wapi? Tunaona tu benye kutoka ku mama. Shangazi yake iko nani?”

Mama yangu akatazama mlangoni, kana kwamba mtu angeingia. Papa alifikiria, kisha akasema:

“Upande ya papa njo mimi.”

Watu walicheka kwa adabu na mazungumzo yakaendelea. Niliona ni jibu zuri sana, nikalirudia shuleni. Lakini nakumbuka pia kwamba baada ya wageni kuondoka Papa aliosha glasi zote mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na mama yangu akamwacha aoshe.

“Bantu yangu banatosha,” alimwambia. “Hakuna mwenye kukuhesabu.”

“Banahesabu,” Papa akajibu.

Tangu hapo akaanza kusikiliza matangazo ya vifo. Kila asubuhi redio yetu ilisoma majina ya waliofariki, nyumba zao, na wapi familia zao zilitoka. Baba za wenzangu walisikiliza mpira. Wangu aliinua mkono tunyamaze, sikio karibu na redio, na mtangazaji akitaja familia iliyotoka kaskazini, upande wa Moba, uso wake ulichangamka. Nasema ulichangamka kwa sababu ndivyo nilivyouona. Jumamosi alasiri, au Jumapili baada ya misa, alivaa shati lake jeupe, akatoa kinga yake, ndivyo tunavyoita baiskeli, akanipakia nyuma.

“Mama Mwange, tuende.”

Aliniita hivyo kwa sababu nilipewa jina la mama yake, na kwetu baba haliiti jina la mama yake hivi hivi. Hata akinikaripia, alinikaripia kwa heshima.

Huko kwenye kilio mambo yalikwenda namna moja. Papa aliwakumbatia wafiwa wanaume, akakaa nao kimya kwa muda mrefu wa kutosha. Kisha aliuliza polepole ni wapi walikokaa kina mama wazee wa kutoka kaskazini. Walikuwa kila mara mahali pamoja, kwenye mikeka, miguu imenyooshwa. Papa alichuchumaa mbele yao akanisogeza kwa mkono mgongoni.

“Mama Mwange, ambia bakambo jina yako, yote.”

Bakambo ni mabibi. Nikasema: “Mwange Kalasa.”

Walilirudia wao kwa wao. Mmoja alinishika kidevu akanigeuzia uso kwenye mwanga. Walimkumbuka Mwange huyu na Mwange yule, mwingine aliyeolewa na katekista, mwingine aliyekuwa na sauti ya kuimba. Papa aliwasikiliza bila kuwaharakisha. Mwishowe walitikisa kichwa, naye akasema, “Aksanti, bamama,” na baada ya hapo tukaletewa sahani ya bukari, yaani ugali, na maharagwe, mara nyingine na kipande cha nyama.

Kwa hiyo nilielewa jambo hili kama mtoto mwenye njaa anavyoweza kulielewa: unasema jina lako, unapewa chakula. Nilidhani Papa alikuwa amegundua mahali pa kula nyama, na kwamba jina langu ndilo lililolipia. Nilijivunia. Nililisema kwa sauti kubwa kadiri nilivyoweza.

Majivuno hayo yaliisha siku moja nikiwa kwenye foleni ya maji. Mbele yangu walisimama majirani wawili, na mmoja wao alikuwa Mama Rejina, ambaye hakujua kunong'ona.

“Ule papa anapendaka sana bilio,” alisema. “Muntu gani anaendaka ku kilio ya bantu hajue? Na anabebaka ule katoto.”

Mwenzake akaguna. Mama Rejina akaniona, akaacha sentensi yake pale pale na kuniuliza habari za shule.

Yeye hakuimaliza, lakini rafiki yangu Klodina alinimalizia kesho yake, wakati wa mapumziko. Alikuwa na mamlaka katika mambo haya kwa sababu mjomba wake alikuwa shemasi wa kanisa la uamsho. Alinieleza kwamba mchawi hawezi kumtoa mtoto wake kafara bila kwanza kumtambulisha kwa wafu. Lazima jina litajwe karibu na maiti, jina zima, tena na mtoto mwenyewe kwa mdomo wake.

“Na weye unatajaka?” aliniuliza.

Nikamwambia hapana. Kisha nikaenda kukaa nyuma ya vyoo.

Kila kitu kilikaa sawa kichwani mwangu, na hilo ndilo lililonitisha. Redio. Ule uso unaochangamka. Kwa nini mimi na si Sidoni? Kwa nini jina langu lote? Kwa nini wale wazee walinitazama meno na kidevu? Hata nyama ilipata maana mpya. Siku chache baadaye nilipata homa, mama yangu akanipa dawa ya malaria nikapona, lakini nilikuwa na hakika kwamba mtu mmoja huko chini alikuwa amekwishaanza kuniita. Sikumwambia mama. Nilifikiri kwamba akijua ataondoka, na nitabaki na Papa peke yangu.

Na bado nilimpenda. Jioni nilikaa naye ngazini akinifundisha kufunga vifundo, nikawa natazama vidole vyake na kujiuliza ni lini.

Kilio kilichofuata kilikuwa Ruashi. Marehemu alikuwa fundi cherehani, mtu wa Moba, na watu walikuwa wengi hata barabarani. Njia nzima nilishikilia tandiko la kinga kwa mikono miwili na kuomba tairi lipasuke. Halikupasuka. Papa akakaa na wanaume, akauliza, akanipeleka kwenye mikeka. Kina mama wa kaskazini walikuwa mbele, na nyuma yao wamekaa wakwe na majirani. Jeneza lilikuwa chumbani, mlango wazi, mishumaa inaonekana.

“Mama Mwange, ambia bakambo jina yako.”

Nikafunga mdomo.

“Mama Mwange.”

“Sitake,” nilisema. Kisha ikatoka kwa kelele, na nakumbuka namna wimbo wa kina mama ulivyokatika: “Papa, sitake kufa! Usibape jina yangu! Sitake kufa!”

Watu wote waligeuka. Kijana mmoja akasimama. Papa alinibeba, mimi niliyekuwa mkubwa kiasi cha kuona haya kubebwa, akanitoa mpaka nje, ng'ambo ya barabara, akaniketisha kwenye ukuta mfupi wa mtaro. Alikaa karibu yangu. Hakuniuliza nani kaniambia. Alifikiria, kama kawaida yake, na safari hii nilimngoja.

“Unajua minatafuta nini mule mu bilio?”

“Bafu,” nikajibu, ndivyo tunavyosema wafu.

“Bafu hawanisaidie kitu. Minatafuta bazima.”

Ndipo aliponieleza, palepale, magari yakipita na kutumwagia vumbi. Alikuwa mdogo kuliko mimi baba yake alipokufa. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli, na nyumba waliyokaa ilikuwa ya kazi, kwa hiyo mjane alitakiwa kutoka. Mama yake, Mwange, akaamua kurudi kwao Moba. Alikuwa na mtoto mchanga wa kike mgongoni. Lakini Papa alikuwa na surua, mwili mzima umewaka, hawezi kupanda lori. Mama yake akamwacha kwa jirani, mwanamke aliyeitwa Mama Yulia, akasema atamrudia barabara ikikauka. Hakurudi. Mama Yulia na mume wake wakamlea, wakahamia kambi nyingine ya wafanyakazi, wakamsomesha. Mama Yulia alifariki kabla mimi sijazaliwa. Papa alipoanza kazi alituma watu Moba, na kila aliyerudi alisema neno moja: mwanamke wa jina hilo hakufika.

“Sasa ju ya nini bilio?” nilimuuliza.

“Ju bazee banakaa pale siku muzima, hawana kazi ingine ila kuhesabu nani alizaa nani. Ku ndoa kuna muziki, hausikie kitu.” Alinifuta pua kwa mkono wa shati lake jeupe. “Na jina yangu mimi hakuna mwenye kuijua. Melkiori tuko bengi. Lakini ya mama yangu, muntu akiisikia, atasema, ‘Huyu nilimujua.’ Njo maana ninakubeba weye.”

Nilimuuliza kama Mama Rejina anajua hayo. Akasema hapana, na akacheka kidogo.

Tungeondoka hapo. Papa alikuwa ameona haya, na alikwishashika kinga. Lakini msichana mmoja alivuka barabara mbio akasema kuna kambo anataka kujua yule mtoto analilia jina gani.

Hakuwa mmoja wa kina mama wa kaskazini. Alikaa nyuma, upande wa wakwe, mwanamke mnene mwenye kitambaa cha njano, na Papa asingemuuliza kamwe kwa sababu alikuwa mtu wa Kasomeno, njia ya Kasenga, ambako hatukuwa na habari yoyote. Kelele zangu ndizo zilizomfikia. Tukarudi kwake.

“Jina gani hiyo hutaki kusema?” aliniuliza.

Nilimtazama Papa. Kisha nikasema, taratibu: “Mwange Kalasa.”

“Minamujua Mwange Kalasa mumoja,” alisema, “lakini haiko muntu wa Moba. Ule iko wa Kilwa, pale ku ziwa. Alikuwa anatuletea samaki pale soko ya Kasomeno, yeye na binti yake. Iko miaka mingi simuone.”

Papa alikaa chini kwenye mkeka wa wanawake, jambo lisilofanywa, na hakuna aliyemwambia ainuke.

Tulisafiri kiangazi kilichofuata. Mama yangu ndiye aliyesema niende, kwa kuwa mwenye jina ni mimi, akatufungia chapati na mayai ya kuchemsha, na kwa mara ya kwanza nikamwona akimnyoosha Papa kola kama mtoto anayekwenda shule. Lori lilibeba mifuko ya saruji, na sisi tulikaa juu yake. Barabara ile wanaoijua wanaijua. Kasomeno tulishuka, tukauliza sokoni, tukaambiwa kwamba yule mama hawajamwona tangu zamani, bali binti yake Anastasia yupo, tumuulize penye mikeka ya samaki kule Kilwa, kila mtu atatuonyesha. Papa hakula hapo. Alinunua ndizi, akazishika mpaka lori likaondoka, kisha akanipa zote.

Sikuwahi kuona ziwa. Mweru lilikuwa kubwa na jeupe, na pwani yote ilianikwa visense, vile visamaki vidogo kama sindano, juu ya nyavu na mikeka. Kati ya mikeka hiyo alikuwapo mwanamke mrefu akivigeuza kwa ufagio. Tulionyeshwa yeye. Papa alivua kofia.

“Dada, jina yako ni Anastasia?”

“Njo mimi.”

“Mimi ni Melkiori. Mutoto wa Mwange Kalasa.”

Mwanamke hakuacha kufagia.

“Melkiori alikufa,” alisema. “Alikufa angali mutoto. Bantu ya Lubumbashi, munatafutaka nini huku?”

Nilidhani Papa angeeleza. Nikaona mkono wake unatafuta kitu cha kushika, ukapata bega langu. Basi nikasema mimi, bila kuambiwa: “Mimi ni Mwange Kalasa.”

Ufagio ukasimama. Alinitazama, akamtazama Papa, akanirudia mimi. Hakunishika kidevu. Alionekana mwenye hasira.

“Haya,” alimwambia Papa. “Kama njo weye Melkiori, kuya uone fasi unalala.”

Tulimfuata. Nyuma ya nyumba za mwisho palikuwa na makaburi yaliyofagiwa, na chini ya mti wenye kivuli chembamba makaburi mawili yalikaa pamoja, moja refu, moja fupi. Kwenye lile refu palikuwa na jina ambalo nilijua kulisoma, kwa kuwa lilikuwa langu. Nilishikwa na baridi lakini sikulia. Kwenye lile fupi msalaba wa mbao ulikuwa mpya, herufi nyeupe: MELKIORI.

“Mule ndani hamuna muntu,” alisema Shangazi. Namwita hivyo sasa. Wakati ule alikuwa bado mwanamke wa samaki. “Mama alizika shati moja tu, yenye alibeba. Tulilia juma muzima. Muchwa ukimaliza musalaba, tunaweka mwingine. Aliniapisha.”

Papa aliinama akalisoma jina lake. Kisha akasema:

“Jina yangu inaandikwaka na C na H.”

“Njo ungekuya kutuambia,” Shangazi akamjibu.

Lakini alikuwa bado hajaamini, na alikuwa na haki. Alikuwa mgongoni siku ile ya lori, hakuwa na kumbukumbu yoyote ya kumlinganisha naye. Akafunga mikono kifuani.

“Mama alikuwa na jina alikuwa anakuitaka mu nyumba. Hakuna muntu mwingine aliijua. Sema.”

Papa alifikiria. Niliomba kwa moyo wote alikumbuke. Nilimwona akifumba macho, midomo ikijaribu kitu bila sauti, na baadaye akayafumbua.

“Sikumbuke,” alisema. “Nilikuwa mudogo. Sikumbuke, dada.”

Nikajua yameisha, tutarudi juu ya saruji. Shangazi alimtazama, na mikono yake ikashuka kutoka kifuani.

“Muntu wa kudanganya angekuwa na jina ya kusema,” alisema. “Kalulu. Alikuwa anakuitaka Kalulu. Ju ya masikio.”

Kalulu ni sungura. Papa aliinua mikono yote miwili akashika masikio yake, ambayo kweli yalikuwa makubwa, na ambayo sisi nyumbani tuliyacheka kila siku bila kujua kwamba mtu mwingine aliyacheka kabla yetu. Hapo ndipo alipolia. Walilia wote wawili, wameshikana, wakizunguka kidogo kidogo kama watu wanaocheza dansi, na mimi nikaondoka nikaenda kulinda samaki wasiliwe na ndege, kwa kuwa niliona hakuna mwingine aliyelikumbuka jambo hilo.

Mengine tuliyasikia tukila kwake, bukari na samaki wapya wa ziwani. Lori la mama yao liliharibika Kilwa mvua ilipokata barabara. Alipata homa, mvuvi mmoja na mke wake wakampokea. Alipopona akatuma neno kwa Mama Yulia kwa mdomo wa shofere wa lori aliyerudi Lubumbashi: niko Kilwa, nitamfuata mtoto barabara ikikauka. Shofere akarudi na jibu. Mtoto amekufa kwa surua, wamemzika, mama asijisumbue kuja.

“Shofere aliongea na nani?” Papa aliuliza.

“Na mwenye nyumba. Ule mama.”

Papa aliweka tonge chini.

“Shofere alichanganya,” alisema. “Mu ile nyumba mutoto mumoja alikufa, ni kweli. Mama Yulia alikuwa na mutoto yake, Gastoni. Tulilala mu kitanda kimoja, surua moja. Yeye njo alikufa.”

Lilikuwa jina ambalo hakuwahi kulitamka mbele yetu. Nilimuuliza Gastoni alizikwa wapi. Akasema kwenye makaburi ya kambi, ambayo siku hizi yana nyumba juu yake.

Kesho yake Shangazi alitaka kuung'oa ule msalaba. Alisema si vizuri mtu mzima kuwa na kaburi, alikuja hata na jembe. Papa akamwomba auache. Akanituma dukani kununua rangi nyeupe na nyeusi na brashi ndogo, akachuchumaa, akalifuta jina lake kwa ile nyeusi, akangoja ikauke, kisha juu yake akaandika GASTONI. Shangazi alitazama. Aliporidhika kwamba Papa amemaliza, alisogea akapalilia kidogo pale penye majani.

Shangazi Anastasia alikuja kwenye ndoa ya Sidoni na mifuko miwili ya samaki na wanawake wanne kutoka Kilwa. Alikaa mbele, upande wa baba, akajaza viti, na baba mkubwa wa bwana-arusi alipomsalimia alimsimamisha akimhoji kuhusu ukoo wake mpaka mzee akaomba maji. Papa aliacha kusikiliza matangazo ya vifo. Mama Rejina alisema amepona.

Nilikuwa nimekwishazaa mtoto wangu wa kwanza nilipouliza lile swali. Sijui ni nini kilichonifikisha hapo. Labda ni kumlaza mtoto na kusikiliza kama anapumua. Maneno yale ya shofere yalikuwa yamenikalia. Shofere anaweza kuchanganya watoto wawili, ndiyo. Lakini Mama Yulia alipelekewa habari kwamba Mwange yuko Kilwa, hai, na anangoja. Na maisha yake yote alimwambia Papa kwamba mama yake alikwenda Moba.

Papa alikuwa amekaa ngazini, mjukuu amemlalia kifuani. Nikamuuliza kama Mama Yulia alijua.

Alifikiria. Nilizoea, nikangoja.

“Alijua,” alisema. “Shofere hakuchanganya. Nilimukasirikia Mama Yulia mwaka muzima tangu tutoke Kilwa, ndani ya roho yangu tu, ninyi hamukuona. Kisha siku moja nikajiuliza: ile siku shofere alibisha hodi, mimi nilikuwa fasi gani? Na nikakumbuka. Nilikumbuka ile mulango na ule muntu na kofia. Mama Yulia alikuwa amesimama, anashika mulango na mukono moja. Na mimi nilikuwa nyuma yake, chini, ninakula mu sahani ya Gastoni.”